Mkia wa Neno

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
mikono ingali inanuka samoni baada ya sabuni mbili,
tunakaa kwenye viti vya watoto wa darasa la tatu,
magoti yakigonga meza:
mimi Vitalie, Danutė wa Lituania,
na Filmon wa Asmara, anayesinzia lakini hakosi jibu.
Mwalimu Solbjørg ananyanyua kalamu.
Penn, nasema.
En penn, anasema, taratibu,
kama mtu anayemvisha mtoto viatu.

Kila neno hapa lina nyumba tatu za kuchagua,
en, ei, et,
na hakuna mlango ulioandikwa jina.
Kwa nini meza iwe et bord, na kiti en stol?
Solbjørg anatazama dirishani, kweusi tangu saa tisa.
"Ndivyo ilivyo. Kariri."
Nikabandika vikaratasi nyumba nzima.
Kile cha ei skje, kijiko,
kikadondokea kwenye supu;
nikalila neno kabla sijalijua.

Na kitenzi! Mgeni mwenye kiburi,
hakubali kiti ila cha pili.
Ukitanguliza leo, yeye huyo mbele yako:
I dag kommer jeg, leo naja mimi.
Nimezoea kusimama nyuma yake
kama kwenye foleni ya glavu kiwandani.

Nilimwandikia kadi jirani, Oddny, nyumba nyekundu:
Skjære Oddny, asante kwa kuniazima ngazi.
Danutė alicheka hadi akalia.
Kjære ndiyo mpendwa.
Skjære ni ndege,
yule mweusi mwenye tumbo jeupe na makelele
anayezurura juu ya mapipa ya taka.
Wiki nzima Oddny kimya.
Kisha nikakuta kizingitini gudulia la jamu,
na unyoya, mweusi kwa mweupe,
umefungwa shingoni mwake kwa uzi.

Mwezi wa tano tangazo likabandikwa: Dugnad, Jumamosi.
Kamusi ilijikanyagakanyaga. Nikaenda nikaona:
msaragambo!
Kila mtu na reki yake, hakuna bosi, hakuna ujira,
mwisho wake maandazi bapa ya chuma
na jibini ya rangi ya udongo, tamu, jambo lisiloelezeka.
Oddny na mimi tulipaka rangi uzio saa mbili nzima.
Alisema maneno manne,
na ja moja, aliyoivuta ndani kwa pumzi,
hhja,
nikadhani moyo umemsimama.
Kumbe alikuwa anakubali.

Wiki ile darasani tukafika mkiani.
Nyumba ni hus. Nyumba ile tunayoijua, huset.
Theluji, snø. Hii iliyoziba mlango wangu, snøen.
Kitu kikishafahamika huota mkia.
Filmon akaguna: nani anaweka kichwa nyuma?
Mimi nilinyamaza.
Kwetu, kando ya mto Nistru,
mbwa wa yeyote ni câine,
lakini mama akisimama uani jioni
aliita câinele, câinele,
na aliyekuja ni wetu.
Mkia uleule.
Nilivuka nao mipaka mitano
na hakuna askari aliyeukagua.

Septemba, mvua ya ubavu,
nikarudisha ngazi. Ndiyo, mwaka mzima. Aibu ninayo.
Oddny akafungua. Takk for sist, akasema,
asante kwa mara ile,
na mimi, badala ya kujibu,
nikaanza kuzihesabu mara zile: uzio, jamu, unyoya.
Simu ikalia. Binti yake, Trondheim.
Akasikiliza, akanitazama, akageukia ukuta:
Nei da, siko peke yangu.
Naboen er her.

Hakusema nabo.

Nikaiegemeza ngazi ukutani, mvuani,
nikainama,
nikavua viatu.